Ng'ombe wa Kabagwira

14 Septemba

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo tu, kiasi cha kuamsha kumbikumbi na kuniharibia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nilizokuwa nimeanika. Nimeanza kuandika kwa sababu sina tena mtu wa kumsimulia mambo yangu. Miaka yote mtu huyo alikuwa Kabagwira, na Kabagwira hayupo. Mwanangu Darius yuko mjini Baraka na pikipiki yake. Akipiga simu anauliza kama nimekula, nikisema ndiyo anakata. Mume wangu yuko makaburini. Basi nitaisimulia karatasi, ambayo angalau haitanikatiza maneno.

15 Septemba

Niandike tangu mwanzo, la sivyo nitakuja kujichanganya mwenyewe.

Kabagwira ni mtu wa milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Mimi ni Mbembe wa hapa Swima, nimezaliwa nikinuka samaki. Siku za soko alishuka na siagi, nami nilikuwa na mawese na chumvi. Tulianza kwa kubadilishana vitu, tukaishia kukaa chini na kuwacheka waume zetu. Yeye hakuwahi kuonja samaki maishani mwake, kwao ni mwiko. Mimi niliona maziwa ni chakula cha watoto wachanga. Kila mmoja alimhurumia mwenzake sana.

Kiangazi hiki vita vya kule juu viliposhuka, alifika hapa asubuhi na mumewe Éliezer na watoto, wakimswaga ng'ombe mmoja aliyebaki katika zizi zima. Jike jekundu, mimba kubwa, miguu imevimba. Mtumbwi wa kuvukia Burundi haukubali ng'ombe. Akanishika mkono akasema, "Mama Darius, unichungie Bihogo. Nitarudia." Hayo ndiyo maneno yote. Sikumuuliza atarudi lini. Watu walikuwa wanamwita mtumbwini, na mimi nilikuwa nahangaika kumfungia unga wa muhogo.

Bihogo alizaa hapa kwangu mwezi wa nane, ndama dume. Mimi hesabu yangu ni hii: ng'ombe huyu akiwa hai, Kabagwira ana sababu ya kurudi. Akifa au akiliwa, hana. Nimemfunga nyuma ya nyumba na moyo wangu nimeufunga hapo hapo.

18 Septemba

Amegoma kukamuliwa tena. Kila nikikaribia ananusa mikono yangu, anasogea hatua mbili, anasimama, ananitazama kama mama mkwe. Nikikaribia tena, anasogea tena. Tumezunguka nyumba yote hivyo.

19 Septemba

Nimeelewa. Ni ndagala. Mimi nashika ndagala tangu alfajiri, na ng'ombe huyu katika maisha yake yote hajawahi kuguswa na mkono wenye harufu ya samaki. Nimesugua mikono kwa majivu, kisha kwa majani ya limau mpaka ngozi ikawasha. Nikamwimbia pia, maana Kabagwira humwimbia. Wimbo wake siujui, nikaimba wa Bikira Maria. Amekubali. Nikalia kidogo pale chini ya tumbo lake, na sikuona haya, kwa kuwa ng'ombe hatasimulia mtu.

22 Septemba, Jumapili

Félicité, jirani yangu, amenisubiri njiani tulipotoka misa. Mdomo wa Félicité hauna mlango, na tangu vita watu wa akina Kabagwira kwake ni "bale batu" tu.

"Mama Darius, hii ng'ombe ya bale batu utaichunga mpaka wakati gani?"

"Mpaka mwenyewe arudie."

"Iko nakula majani ya Swima, lakini kila magaribi iko naangalia kwao. Hata nyama yabo iko na roho mubaya."

Ni kweli kwamba kila jioni Bihogo husimama akielekeza uso kwenye milima. Hilo silikatai. Lakini kusema mnyama ana roho mbaya kwa kukumbuka kwao, hapana. Kama kukumbuka ni ubaya, basi mimi ndiye mbaya kuliko wote hapa.

Nimempelekea shemeji Roger swali hilo. Roger ni mdogo wa marehemu mume wangu na ni katekista, kwa hiyo huwa ana jibu hata kabla ya swali. Alikuwa anakula.

"Shemeki, nyama haiwezi kuwa mubaya, haiwezi kuwa muzuri. Adamu na Eva ndio balikula lile tunda. Ng'ombe alikula majani."

"Basi ng'ombe alitushinda akili."

"Hapana akili. Hana dhambi, na mwenye hana dhambi hana wema. Vinatembea pamoja."

Nikamwambia apunguze pilipili, zinampanda kichwani.

25 Septemba

Mvua. Hakuna kitu.

29 Septemba

Mvua. Ndama anaharisha.

3 Oktoba

Ndama amekufa.

Tangu jana tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Nilimnywesha maji ya majivu, nikamwita hata yule anayechoma sindano mbuzi wa watu kule Mboko. Alifika na pikipiki, akamtazama, akanywa chai yangu, akasema tungoje. Tulingoja, na ndama hakungoja.

Bihogo alisimama juu yake, miguu miwili upande huu na miwili upande ule, akawa anamlamba kichwa. Roger alipokuja kumwondoa, aliinamisha pembe. Hakumpiga. Aliziweka tu pembe kifuani mwake na kumzuia, taratibu, kama mtu anayekuambia bado sijamaliza. Roger, yule yule wa Adamu na Eva, akarudi nyuma, akavua kofia, akangoja. Sikumkumbusha maneno yake. Nimeyaweka.

Baadaye nikamwomba achune ngozi. Niliwahi kumwona Kabagwira akifanya hivi: ndama akifa, wanatunza ngozi yake, wanaivika juu ya fungu la majani, wanaiweka mbele ya mama wakati wa kukamua, asije akakauka. Siku ile nilimwambia, "Muko nadanganya ng'ombe." Akanijibu, "Hatuidanganye. Tunaipatia kitu ya kulilia."

Nimefanya kama yeye. Bihogo aliinusa ngozi. Akainua kichwa akanitazama mimi, muda mrefu, nami nikatazama chini. Kisha akaanza kuilamba, na maziwa yakashuka. Sijui kama alidanganyika. Nilivyomwona, alijua vizuri kuwa ile si kitu, ila aliona nimehangaika, akanivumilia. Roger atasema namvika ng'ombe nguo za binadamu. Amvue basi yeye.

Kabagwira, ungekuwepo ungeniambia. Ungekaa hapa kwenye kinu, ungefunga kitambaa chako vizuri, ungesema neno moja, na mimi ningelala.

8 Oktoba

Ngozi inanuka. Nimeitupa. Maziwa yamepungua.

12 Oktoba

Mbuzi wa Félicité amekufa akizaa. Watoto walikuwa wawili, mmoja akatoka amekufa. Aliyebaki analia kutwa nzima, sauti inapita kwenye ua na kuingia kwangu kama haina adabu. Félicité anamnywesha uji wa mahindi kwa chupa. Nilimpelekea maziwa kwenye kikombe. Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi.

"Ya ile ng'ombe?"

"Mi siko na ingine."

"Rudisha."

Nikarudi nayo. Nilikasirika mpaka nikayanywa mwenyewe, mimi nisiyependa maziwa.

14 Oktoba

Niliamka nikakuta kile kibuzi chini ya Bihogo, kimesimama kwa miguu ya nyuma, kinanyonya. Kimepenya kwenye ua, hakuna aliyekipeleka. Bihogo alikuwa ametulia tuli, ng'ombe huyu huyu aliyenizungusha nyumba nzima kwa sababu ya harufu. Félicité akaja mbio, akakivuta kwa mguu, akaondoka nacho bila kunisalimu.

15 Oktoba

Kibuzi kimerudi. Félicité amekuja kukichukua, lakini leo hakuja mbio.

17 Oktoba

Félicité amesema kwa sauti, ili wote wa njiani wasikie, kwamba kibuzi chake kina kichwa kigumu na kinatoroka. Lile tundu la ua limekuwa kubwa. Matawi yamekatwa kwa panga. Sijauliza mbuzi alipata wapi panga.

21 Oktoba

Roger alikuja kuangalia mwenyewe. Akakaa, akatazama, akajikuna shingo.

"Kiwele kiko namuuma, Shemeki. Maziwa imejaa, ndama haiko, hako kabuzi kanapunguza maumivu. Ni hivyo tu. Haina mapendo."

"Na weye ukimupa masikini kitu, haikuume mu roho kwanza, mbele ya kutoa?"

"Inaniuma."

"Ukitoa, inapoa?"

Akasema kwamba mimi ningekuwa mwanaume ningekuwa padri mbaya sana. Tulicheka. Nilicheka nikageuka upande wa kinu ili kuona kama na mwingine amecheka. Mazoea ni kitu kibaya.

27 Oktoba, Jumapili

Mvua imebomoa njia ya Mboko. Hakuna soko. Ndagala zimeoza nusu.

2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tulienda makaburini kupalilia. Nimepalilia la mume wangu, nikamweleza habari za ng'ombe, ambaye angempenda, hasa nyama yake.

Félicité alikuwa peke yake pembeni, kwenye msalaba usio na kaburi. Nilikuwa najua kaka yake alikufa kule juu kwenye mapigano, ila sikuwahi kukumbuka kwamba mwili haukurudi. Chini ya ule msalaba kuna shati lake tu. Alikuwa anapalilia shati. Nilimsaidia upande mmoja. Mwishoni alisema tu, "Alikuwa anapenda mbuzi."

Nimekuwa nikimwona Félicité kama mwiba. Leo nimeona kidole ulipochoma. Haibadilishi maneno anayosema, lakini nitayasikiliza tofauti.

6 Novemba

Nimemwona Félicité, akidhani nimeenda ziwani, anamkuna Bihogo nyuma ya masikio. Nilikohoa. Akasema anatafuta kupe.

10 Novemba, Jumapili

Jua. Mahindi yamefika kifuani, yameanza kubeba. Ya Félicité ni mazuri kuliko yangu, na anajua.

16 Novemba

Niandike polepole, kwa maana kila mtu ameshaanza kusimulia kivyake.

Saa za alasiri mvua kubwa ilinyesha, kijito kikajaa. Nilikuwa natoa ndagala uani. Nikasikia kibuzi kinalia kutoka shamba la Félicité, kilio kile cha kukabwa. Kabla sijaweka ungo chini, Bihogo alikata kamba. Ilikuwa kamba ya mtumbwi ambayo Darius mwenyewe aliifunga. Akapita kwenye ua, siyo kwenye tundu, katika ua wenyewe, akaingia kwenye mahindi. Nilimfuata nikiteleza. Mbwa wawili wakatoka mbio mbele yangu, wale wasio na mwenyewe wanaokaa karibu na wachinjaji. Nilipofika, Bihogo alikuwa amesimama katikati ya shamba, kibuzi kiko chini ya tumbo lake kinatetemeka.

Na alikuwa anakula mahindi. Sitamtetea kwa uongo. Alikuwa anatafuna bua bichi na hindi lake, macho nusu, kama mtu aliyekaribishwa. Nyuma yake kulikuwa na njia pana ya mahindi yaliyolala chini.

Ndipo Félicité akafika kutoka upande wa pili. Mimi niliona mbwa wakitoka, yeye aliona ng'ombe akitafuna. Nikamwambia habari za mbwa. Akasema, "Mbwa gani?" Hawakuwepo tena. Alikaa chini kwenye matope, akayashika mahindi yaliyovunjika, akalia. Ni chakula chake cha mwaka. Kile kibuzi kilikuwa kinamlamba goti.

17 Novemba

Félicité amepeleka malalamiko kwa mkuu wa kijiji, chef Anatole. Baraza litakaa Jumamosi.

Vijana wanaolinda kijiji nao wamesikia. Wawili walipita hapa, wakasimama nje ya ua, wakaongea kwa nguvu. "Ng'ombe ya adui imeshiba mahindi yetu. Na siye tushibe." Wanasema ng'ombe ambaye mwenyewe ni adui na amekimbia, hana mwenyewe. Na asiye na mwenyewe analiwa.

Nimemsogeza Bihogo karibu na dirisha langu.

19 Novemba

Simu imelia, namba ya Burundi. Nikasema allo.

"Mama Darius."

Nilikaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa nilipokuwa.

Amepata simu ya mtu, hana muda mrefu. Kwanza akauliza, "Bihogo iko?" Hata hakuniuliza mimi, mshenzi huyu. Nikacheka, akacheka, na kwa kitambo kile tulikuwa tumekaa kwenye kinu. Nikamweleza habari za ndama. Akasema pole, akauliza kama niliweka ngozi. Nikamweleza habari za mikono yangu na majani ya limau. Alicheka mpaka akakohoa. "Nilisahau kukuambia," alisema. "Sikujua kama weye unanuka. Nilikuzoea."

Kisha sauti yake ikashuka.

"Mama Darius, batatupeleka. Jina zetu zimetoka. Kanada."

"Kwa muda gani?"

"Haiko kwa muda."

Nikasikia watoto wake nyuma. Nikasikia mtu anamwambia aharakishe.

"Sikia. Bihogo ni yako. Nakupatia."

"Sitaki."

"Kwetu ng'ombe haikataliwe. Ukipewa, unakuwa ndugu. Na ukitaka kuapa, unaapa na jina ya ule alikupatia. Utasema, Kabagwira alinipa ng'ombe. Hakuna kiapo kubwa kuliko hicho."

"Mi nakuchungia tu. Ulisema utarudia."

"Mama Darius…"

"Ulisema utarudia."

Simu ikakatika. Nimepiga tena na tena. Mwanaume mmoja anapokea, anasema huyo mama ameshaondoka kwenye duka lake.

Nimekasirika. Naandika hivyo hivyo: nimekasirika na ninampenda na ningekuwa na mbawa ningevuka ziwa nikamkamate kitambaa. Mtu gani anakuaga kwa kukupa ng'ombe? Nikikubali kwamba Bihogo ni wangu, Kabagwira hana tena kitu chochote upande huu wa maji. Hatakuwa mtu aliyeacha mali yake mahali, bali mtu aliyehama. Basi sikubali. Ni wake, mimi namlinda, na anayetaka ng'ombe wake aje amchukue mwenyewe.

20 Novemba

Sijalala vizuri. Bihogo amekamuliwa. Kibuzi kinachechemea.

23 Novemba, Jumamosi

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule kwa sababu ya mvua. Chef Anatole kwenye meza ya mwalimu, wazee kwenye madawati yaliyowabana magoti, vijana wamesimama ukutani. Wengine wamebeba visu. Sikuvipenda.

Félicité akaulizwa aseme.

"Ile ng'ombe ilijua," alisema. "Niliipigia kelele, ikaniangalia mu macho, ikaendelea kula. Haikuwa kosa. Ilikuwa roho mubaya."

Chef Anatole akamgeukia Roger, kwa vile Roger ni mtu wa kanisa. "Katekista, ng'ombe inaweza kujua mabaya na mazuri?"

Nilijua jibu lake. Nilimtazama nikingoja Adamu na Eva. Roger alisimama, akajikuna shingo.

"Chef, mbele nilikuwa nasema hapana. Sasa sijue. Niliona ikimulilia mutoto wayo, ikanizuia na pembe bila kuniumiza. Niliona ikinyonyesha mutoto wa mbuzi."

"Lakini ilikula mahindi," akasema chef.

"Ilikula. Hata siye, tukienda kwa matanga, tunaenda kulia na wenzetu. Tunalia kweli. Bukari na samaki ikiletwa, tunakula. Nani atasema tulienda kwa sababu ya bukari?"

Watu wakacheka, hata wazee. Mimi nikapata nguvu, nikasimama.

"Félicité anasema ng'ombe iko na akili ya kufanya mabaya. Mi nakubali. Lakini kama iko na akili ya kuiba, iko pia na akili ya kukomboa kabuzi kake. Musichague moja tu."

"Nani aliona mbwa?" kijana mmoja akauliza. "Ni weye peke yako."

Nilikuwa peke yangu, kweli. Ndipo Félicité, ambaye hakuulizwa, ambaye angenyamaza tu angeshinda, akasema akitazama sakafu, "Kabuzi kangu kako na meno ya mbwa mu muguu. Niliona asubuhi yake." Akaketi. Sitasahau jinsi alivyoketi, kama mtu aliyeweka chini mzigo wa kuni bila kusaidiwa.

Chef Anatole alikuwa anaanza kutabasamu. Lakini yule kijana akatoka ukutani akasimama katikati.

"Hiyo yote ni maneno ya bure. Ng'ombe iwe na roho muzuri, iwe na roho mubaya, siye tunauliza kitu kimoja. Ni ya nani? Kama ni ya bale batu, inabaki kwetu. Tutaichinja leo."

Cheko likaisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Chef Anatole alinitazama, na nikaona hana la kunisaidia. Uso wake uliniomba tu nijibu vizuri.

"Mama Darius," alisema. "Mbele ya baraza. Hii ng'ombe ni ya nani?"

Nimekuwa nikijibu swali hilo tangu kiangazi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ni ya Kabagwira, mimi nachunga tu, atarudi. Ni jibu nililokuwa nakula nalo na kulala nalo. Nilifungua mdomo, nikaona visu, nikaufunga. Nikashika dawati.

"Ni yangu," nikasema. "Kabagwira alinipa ng'ombe."

Nilisema kwa sauti, jina lake zima, katika chumba ambamo hakuna aliyethubutu kulitaja tangu vita. Yule kijana akacheka kwa dharau, lakini mzee mmoja nyuma, ambaye zamani alifanya biashara ya siagi huko juu, alipiga kofi moja juu ya dawati. "Hicho ni kiapo chabo," alisema. "Mutu haapie hivyo kwa uongo. Ng'ombe ni ya Mama Darius, imeisha."

Chef Anatole akaamua haraka, kabla mtu hajaleta neno jingine. Ng'ombe ni wangu na kosa ni langu: nimlipe Félicité mahindi kutoka shamba langu, mstari kwa mstari. Vijana wakatoka. Mmoja alipiga teke mlango.

Nilirudi nyumbani kwenye mvua. Bihogo alikuwa amesimama pale pale. Nilimwosha matope miguuni, nikamkamua, na maziwa sikujua nimpe nani.

26 Novemba

Ile namba ya Burundi nimeipiga leo asubuhi. Mwenye duka, mtu mwema, akaniambia basi la wale wa Kanada liliondoka juzi.

30 Novemba

Tumevuna mahindi mabichi shambani kwangu, mimi na Félicité, kulipa deni. Nilidhani angekuja kuhesabu na kusimama. Alikuja na panga lake, akaanza kukata upande mmoja na mimi upande mwingine, kibuzi kikitufuata na kuvuruga kila kitu. Kinakula siku hizi, hakihitaji maziwa, ila bado kinaenda.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, aliniuliza bila ukali, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo njia nzima.

"Alikupa ng'ombe. Nyama ya muzima vile. Na weye ulimupa nini?"

Nilifunga fundo, nikalifungua, nikalifunga tena. Nilitaka kusema unga, chumvi, mawese, miaka yote ile.

"Nilimupa ruhusa," nikasema, "asirudie."

Félicité aliinama, akaniinulia mzigo wangu kwanza, ndipo akabeba wake.